Mashine Iliyoacha Kukoroma

Siku mume wangu aliposema anaifufua mashine ya marehemu baba yake, nilimwambia bora aoe mke wa pili. Mke wa pili angekula chakula changu, sawa, lakini asingemla yeye vidole. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuwa natania hata kidogo.

Mashine yenyewe ni randa ya umeme, ile ya kusimama, chuma kitupu, kongwe kuliko mimi. Kama hujawahi kuiona, ni meza mbili za chuma zinazotazamana, katikati yake pana upenyo, na ndani ya upenyo kuna silinda yenye visu inayozunguka kwa kasi ya kutisha. Unasukuma ubao juu yake, unatokea upande wa pili laini. Mkono wa baba mkwe ulipita hapo siku moja ukatoka umepungua vidole vitatu. Hakushika tena ubao maisha yake yote. Alilifungia dude lile kwenye stoo ya nyuma, akawa anashinda kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkono wa kulia mfukoni, hata akiongea na wageni. Niliolewa nikamkuta hivyo, na hivyo hivyo akafa.

Sasa mume wangu naye ni seremala. Mikono yake ndiyo inayotulisha sote, mimi, pacha wetu, na mama yake tunayeishi naye. Halafu mtu huyo huyo anakwenda stoo, anawaita majirani wamsaidie kubeba, analileta lile zimwi kwenye chumba chake cha kazi, ukuta kwa ukuta na jiko langu. Jamani!

"Baba Pacha, una akili timamu kweli?" nilimuuliza.

"Mama Pacha, mashine kama hii hawatengenezi tena. Ikikaa sawa, kazi ya wiki naimaliza kwa siku."

"Na vidole?"

"Vidole ninavyo, si hivi?" Akanipungia mikono yote miwili usoni. Nilitamani kumzaba kibao.

Basi ikaanza kazi ya kutoa kutu. Nyumba nzima ilinuka mafuta ya taa, hadi chai ikawa na ladha yake. Alisugua kwa brashi ya waya, akasugua kwa msasa, akafukuza ukoo mzima wa panya waliokuwa wamejenga chini ya mota. Kila siku alirudi ndani mwekundu kwa vumbi la kutu, anafurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Mimi kila nilipopita mlangoni na kuona vile visu vimepangwa juu ya gazeti, vimenolewa vinang'aa, nilipita mbio.

Siku moja aliniita nione beringi, zile pete za chuma zinazoshika silinda huku na huku izunguke. "Ajabu hii," akasema. "Zimegandana kwa kutu, lakini hazijalika hata kidogo. Ni kama baba alizitia tu akaacha kazi."

"Mimi na beringi wapi na wapi?"

"Nazitupa, naweka mpya. Utaona itakavyozunguka, kama maji."

Nikarudi kwenye sufuria zangu. Laiti ningetulia nikamsikiliza.

Kuna desturi moja ya nyumba hii ambayo lazima niieleze. Baba mkwe masikio yake yaliharibiwa mapema na kelele za mashine. Ukizima mota, ile silinda haisimami papo hapo, inaendelea kuzunguka yenyewe, na yeye hakuweza kusikia imesimama lini. Kwa hiyo mtu mwingine alisimama mlangoni, na mtu huyo alipotamka "Imelala," ndipo mzee alipoona midomo yake na kuingiza mkono kutoa maranda, yale maganda ya ubao, yaliyokwama kwenye upenyo. Bila neno hilo, hakuna kugusa. Mume wangu amekulia kwenye desturi hiyo, na siku hizi anavaa vile viziba masikio vikubwa, kwa hiyo naye hasikii. Alipokaribia kumaliza akaniambia kwamba wa kusimama mlangoni ni mimi.

"Kwa nini usimwombe mama?"

"Mama hataki hata kuiona. Nimembembeleza nimechoka."

Ni kweli. Tangu mashine ihamishwe, mama mkwe hakuwahi kukanyaga kile chumba. Akitaka kwenda uani alizunguka nyumba nzima ili asipite mlangoni pale.

Asubuhi ya siku ya kuijaribu, nilimkuta jikoni anachambua mchele. Aliuliza bila kuinua macho, "Ni nani atasimama mlangoni?"

"Ni mimi, mama."

Akaweka ungo chini. "Basi nikufundishe. Ikizimwa itakoroma. Krrr, krrr, inapungua taratibu. Usiitazame, mwanangu, maana ikizunguka inaonekana kama imetulia, macho yanakudanganya. Sikiliza. Koromo la mwisho likikatika, ndipo useme imelala."

"Sawa, mama."

Nilidhani amemaliza. Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Siku ile, aliyesema nilikuwa mimi."

Nikaketi chini karibu naye.

"Nilisikiliza kama siku zote. Wallahi nilisikiliza. Ikanyamaza kabisa, nikasema imelala, akaingiza mkono. Mume wako hajui. Baba yake hakumwambia mtu yeyote, na hakuwahi kunilaumu. Bora angenifokea. Bora angenifukuza nirudi kwetu. Alikuwa ananitazama tu, halafu anautia mkono mfukoni."

Kama yeye, aliyeifanya kazi hiyo tangu ujana wake, alisema neno kabla ya wakati wake, mimi ni nani? Nilikwenda moja kwa moja kwa mume wangu nikamwambia aahirishe, naumwa. Alinigusa paji la uso, akasema sina homa, nina woga, na woga dawa yake ni kuona. Sikuweza kumwambia sababu, kwa kuwa siri haikuwa yangu. Nikaenda kusimama mlangoni.

Akavaa viziba masikio. Akabonyeza swichi.

Sitasema uongo, ilikuwa nzuri. Chuma kile cheusi kilikuwa kimerudi rangi yake ya fedha, na sauti yake ilijaa chumba mpaka vikombe vyangu vikalia kule jikoni. Alisukuma ubao, maranda yakaruka, ubao ukatoka unateleza. Akasukuma wa pili. Wa tatu ukakwama kidogo, maranda yakaziba upenyo. Akazima swichi, akanigeukia, macho yamenikazia midomo, mkono wa kulia tayari uko juu ya meza.

Mngurumo wa mota ulikatika. Nikangoja koromo. Halikuja. Hakuna krrr, hakuna chochote, kimya kabisa, nikawa nasikia moyo wangu tu na mama akikohoa jikoni. Nikajiambia, basi, ndiyo hiyo. Nikafungua mdomo.

"Ime..."

Mkono wake ukaanza kwenda. Wakati huo huo ganda moja jepesi la ubao, lililokuwa limening'inia kwenye ukingo wa meza, likadondoka ndani ya upenyo. Likatoweka. Likatokea upande wa pili vipande vipande, likanipiga kifuani.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua tu kwamba ilipenya vile viziba masikio, kwa sababu mume wangu aliruka nyuma akagonga ukuta, na mbao zote zilizokuwa zimeegemezwa pale zikamwangukia. Nilimvaa nikaanza kumpiga ngumi za mgongo huku nalia, "Inazunguka! Inazunguka, mpumbavu wewe, bado inazunguka!"

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi, mchele wote umemwagika. "Vidole!" alisema. "Nionyeshe vidole!"

Mume wangu akanyoosha mikono. Vilikuwepo vyote. Mama akavishika kimoja kimoja, vyote kumi, kama siku alipomzaa.

"Mama," nikasema, "haikoromi. Ametia beringi mpya. Inazunguka kimya kimya."

Mume wangu akamtazama mama yake, akanitazama mimi, haelewi. "Zilizokuwemo pia zilikuwa mpya," akasema. "Si nilikuonyesha? Baba alikuwa amezitia tu."

Mama akaigeukia mashine. Kisha akasema polepole, "Jana yake alishinda amelala chini ya hii mashine. Alitoka na grisi hadi kwenye viwiko. Nilidhani anaisafisha."

"Jana ya lini?" mume wangu akauliza.

"Iwashe," mama akamwambia.

"Mama..."

"Nimesema iwashe, halafu uzime, na mikono yako uiweke mgongoni."

Akawasha. Akazima. Mama akafumba macho, kichwa ameinamisha upande, kama alivyokuwa akisimama zamani zile. Ngurumo ikafa, kimya kikaingia, na nikaona midomo yake inatamka yenyewe, "Imelala."

Akafumbua macho. Akaokota ganda la ubao sakafuni, akaliachia kwa mbali juu ya upenyo. Likasagwa hewani mbele ya macho yake.

"Sikumkata mimi," akasema. "Nilisikiliza vizuri."

Hapo ndipo mume wangu alipoelewa. Aliketi chini kwenye vumbi, akashika kichwa. Nilitaka kumvuta mama nje ya chumba kile, nilitaka lile zimwi lirudi stoo likaliwe na kutu mpaka liishe. Lakini mama alikuwa ameshainama tena, anaokota maranda, anajaza kiganja.

"Rudia," alimwambia mwanawe. "Nataka nione tena."