Mipini ya Kisu cha Meya

Kapitan Rustico, mkuu wa mtaa wetu, alikuja asubuhi na balisong yake, kile kisu chetu cha kukunja ambacho mipini yake miwili inafumbata makali katikati. Mipini ya pembe ilikuwa imepasuka. Akaweka mezani kipande cha mti mweusi, kirefu kama shibiri.

"Mang Ilyo, kivalishe upya. Kamagong hiyo, siyo mchezo. Ijumaa nampa meya, siku yake ya kuzaliwa."

"Kamagong umeitoa wapi? Si mmekataza isikatwe?"

"Nani kakata, mzee wangu? Mti mkuukuu huo, nimeuokota stoo ya mji." Akacheka. "Au nikuandikie kibali, halafu kikushinde kusoma?"

Nikaanza kuing'oa mipini iliyopasuka. Niliishia darasa la tatu, na wakubwa wa hapa hawachoki kunikumbusha. Aliyekuwa akinisomea karatasi zao ni Epang, mke wangu. Alikufa miaka sita iliyopita akisubiri gari la wagonjwa, nalo siku hiyo lilikuwa limebeba spika na viti vya kampeni. Tangu hapo karatasi zao nafungia samaki mkavu.

Mipini ya balisong haitoki kwenye vipande viwili tofauti. Unapasua kimoja kwa urefu, kama unavyofungua kitabu, ili mishipa ya mti itazamane. Ndivyo alivyonifundisha baba. Nikakibana kwenye jiliwa, nikaanza. Vumbi la kamagong jeusi, linaganda midomoni. Nikatema, nikaendelea.

Katikati msumeno ukapiga yowe. Shaba.

Shaba ndani ya mti? Nikaupanua ufa kwa patasi. Kulikuwa na pini, imekwaruzwa na meno ya msumeno, kichwani ina mikato mitatu ya tupa. Kila fundi hapa ana alama yake. Ile ilikuwa yangu.

Pini ile niliing'oa mimi kwenye kisu cha Epang cha jikoni, siku ya kumzika, nikaizamisha kwenye mguu wa msalaba wa kamagong niliomchongea, nikaziba tundu kwa gundi na vumbi la mti uleule. Hakuna mwingine aliyejua. Msalaba niliupigilia juu ya jeneza, na jeneza nililiona kwa macho haya likisukumwa ndani ya ukuta wa makaburi, tundu la tatu kutoka chini, likazibwa kwa saruji. Novemba iliyopita, siku ya wafu, nilimwashia mshumaa palepale.

Sasa msalaba uko kwenye jiliwa langu. Na vumbi lake nimelitema.

Nilimkuta Kapitan ofisini anakula tambi.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Mang Ilyo, umelewa? Mkeo si marehemu?"

Nikaweka vile vipande viwili mbele ya sahani yake. "Huu ni msalaba wa jeneza lake."

Akaacha kutafuna. "Aa... Ukuta ule umebomolewa. Miaka mitano ikiisha, tundu linarudi kwa mji, labda ndugu aje kuliomba tena. Barua uliletewa. Mara mbili!"

Barua. Nilizikumbuka, zina muhuri mwekundu. Moja niliifungia samaki wa jirani. Lakini wanajua fika sisomi. Mtu anaambiwa kwa karatasi kwamba mkewe anafukuliwa? Mlango wangu hawaujui? Wakati wa kura mbona wanaujua?

"Yuko wapi?"

"Stoo," akasema, hanitazami. "Kwenye magunia."

Magunia yalikuwa ishirini na kitu. Paa lilivuja, majina yote yalikuwa yamechuruzika yakawa madoa ya wino. Kapitan alisimama mlangoni, leso puani. Nilifungua moja moja. La saba lilikuwa na kichwa cha msalaba na mikono yake, kimekatwa kwa msumeno juzijuzi tu. Nikakikutanisha na vipande vyangu. Mishipa ya mti ikashikana.

Nikalibeba gunia. Lilikuwa jepesi, jepesi mno.

"Sikujua, Mang Ilyo, naapa," Kapitan akasema. Kisha, taratibu: "Na kisu je?"

Nikakitoa mfukoni, makali matupu bila mipini, nikamtilia mkononi. "Mpelekee hivyo hivyo. Ajue mwenyewe pa kushika."

Msalaba nimeuunga kwa gundi, pini mahali pake. Haukai sawa. Unene wa msumeno umepotea, na vumbi nililolifagia haliwezi kuujaza. Epang yuko kitandani, upande wake wa ukutani.

Jana imekuja barua yenye muhuri mwekundu. Hii sikuifungia samaki. Nilimpelekea mwalimu Sabel anisomee. Inasema ni marufuku kuweka mifupa ya binadamu nyumbani bila kibali.

Nikamwambia aisome tena. Akaisoma tena.