Dulcie Yuko Juu ya Paa

Athol alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko la kuni, ameshika shuka lililolowa maji, lakini akili yake haikuwa pale. Ilikuwa juu ya paa, kwa mkewe Dulcie, ambaye tangu waoane hakuwahi kulikanyaga paa hilo.

Kusafisha bomba la moshi ilikuwa kazi ya Athol. Kila Pasaka, baridi ya Tasmania, kusini mwa Australia, ikianza kubisha hodi, alipanda na brashi na fito zake, Dulcie akabaki chini kuziba mdomo wa jiko kwa shuka, maana mlango wake ulipinda zamani na masizi hayachelewi kuvamia sebule. Ilikuwa kazi ya nusu siku. Mwaka huu kiharusi kilimlegeza Athol mguu wa kushoto, akashauri wamsubiri mkwe wao. Dulcie akasema huyo mkwe hata balbu humshinda, na jana moshi ulirudi ndani mpaka wakatokwa machozi. Kosa lilikuwa lao. Majira yote ya baridi yaliyopita walibana hewa ya jiko usiku ili makaa yawake mpaka asubuhi, kama wafanyavyo watu wote wa bonde lile, na lami ya moshi ikaganda bombani. Wakiwasha tena hivyo, bomba lingeshika moto na nyumba ingekwenda nalo. Basi Dulcie akavaa viatu vya mpira, akajifunga kamba, akapanda.

"Ukiachia hilo shuka, zulia utalisugua mwenyewe kwa mswaki," alimwambia kabla ya kutoka. "Na usinipigie kelele. Mimi nilikupigia kelele lini?"

Athol akashika. Brashi ilikwaruza, ikashuka, ikapanda, vipande vya lami vikaporomoka nyuma ya shuka. Kila bati lilipolia aliinua kichwa. Mabati yana umande, aliwaza, na yule mtu hasikii la mtu. Hatimaye Dulcie akaligonga bomba mara tatu, ishara kwamba amemaliza. Kisha kimya.

Hapo ndipo raha ilipomwisha kabisa. Alisubiri asikie ngazi ikitikisika, wapi. Labda anarudishia kofia ya bomba. Labda kamba imekatika. Akaita, akaita tena, hakuna aliyeitika. Mzee akaliachia shuka, masizi yakamwagika mpaka kwenye makochi, naye hata fimbo hakuikumbuka. Alijikongoja kwa kushika ukuta mpaka nje kwenye majani yaliyolowa.

Dulcie alikuwa ameketi mgongoni mwa paa, miguu ameinyoosha, anatafuna tufaha. Chini yake palikuwa na gunia la kukalia. Karatasi ya nailoni iliyolifunika miaka yote, pale nyuma ya bomba, ilikuwa pembeni.

"Mbona huitiki?" Athol alifoka.

"Najaribu gunia lako."

Athol akayashusha macho kwenye majani.

"Kazi yenyewe imeisha kabla chai yako haijapoa," Dulcie alisema. "Na wewe ulikuwa unaniambia nusu siku. Mimi huko chini magoti yanawaka moto, nimeshika shuka. Ulikuwa unafanya nini huku, Athol?"

Angeweza kutunga uongo, lakini aibu ilimjaa mpaka shingoni. "Nilikuwa nakaa tu."

"Naona. Kuna utulivu." Aling'ata tufaha, akatazama mtoni. "Zulia vipi?"

"Limekwisha."

"Basi sina haraka. Rudi ukashike shuka."

"Dulcie, hakuna kinachoanguka tena."

"Najua."

Athol alirudi ndani polepole. Akapiga magoti katikati ya masizi, akaliokota shuka, akaziba nalo mdomo wa jiko kwa mikono miwili, akasubiri.