Sabuni ya Jumamosi

Kila Jumamosi jioni Protus alipiga simu kutoka Juba, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: "Mama Collins, umepaka sabuni?"

Nerima alikuwa ameshapaka. Jiko la gesi la kuchomea nyama lilikaa uani, pale Malaba, mbali na ukuta kama mumewe Protus alivyoliacha. Kila wiki alikwangua mafuta yaliyoganda, akafungua mtungi, akapaka povu kwenye mpira wa gesi na kukodoa macho. Gesi ikivuja, povu hufura. Halikuwahi kufura. Basi akajibu, "Mpira uko sawa," naye Protus akaridhika, akakaa huko huko. Mwaka wa pili huu. Malori ya Juba yalipita mbele ya nyumba kutwa, na hakuna hata moja lililomshusha.

Leo pia povu lilitulia tuli. Lakini Nerima akasema, "Mpira unavuja."

Protus akapaza sauti:

"Funga mtungi. Usiwashe kitu!"

"Nimefunga. Sasa?"

"Sasa mwite fundi Edris abadilishe mpira. Hata kesho anaweza kuja."

"Yeye anaweza kuja," Nerima akasema, akakata simu.

Akasonya. Ngege, samaki wa Port Victoria, alikuwa akingoja kwenye sinia. Akafungua mtungi tena, akawasha njiti kwa hasira. Kifuniko cha jiko kilikuwa bado chini, na gesi ikijaa humo huweza kulipuka. Akaifunga, akapuliza njiti, akainua kifuniko na kungoja gesi itoke, kama Protus alivyomfundisha, mkono wa mumewe ukiwa juu ya wake.