Mchanga wa Darasa

Asubuhi ile Janeth hakutaka kwenda kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kitongoji. Alisema kichwa kinamgonga, tena alizeti yake ilikuwa haijapaliwa. Dada yake Anastazia, mwenyekiti wa kitongoji, alimsimamia mlangoni.

"Usipotoka wewe, mdogo wangu, nitamwambia nani atoke? Watasema wa kwangu nimewaficha nyumbani."

Janeth akacheka, akajifunga kanga kiunoni, akachukua chepe.

Kitongoji chao, upande wa Iguguno, kilikuwa kinajenga madarasa mawili. Watoto wadogo walivuka korongo kwenda shule ya kijiji cha jirani, na kila masika wazazi walishinda roho juu. Kwenye mkutano wa hadhara wananchi walikubaliana wenyewe: matofali watafyatua, maji watachota, mchanga watausomba mtoni kwa mikokoteni ya ng'ombe, hata kama ni mbali. Aliyesisitiza mto ni mzee Mughwai.

"Lile shimo la mchanga la karibu limeshaliwa kwa chini," alisema. "Juu pamebaki kama paa. Tusilisogelee."

Mikono yote ikanyooshwa. Mtoni.

Lakini kazi ilipoanza, Fredrick, mtendaji wa kijiji, alimpigia Anastazia simu. Wageni kutoka wilayani walikuwa wanakuja kukagua, na kuta hazijafika hata madirishani.

"Mwenyekiti, huo mto wenu tutaumaliza lini? Chukueni pale shimoni."

"Lakini mkutano ulisema..."

"Mkutano ulisema tujenge. Basi tujenge."

Anastazia hakubisha tena. Alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti kile, na aliogopa kuambiwa kwamba maendeleo yamemfia mkononi. Akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu: kesho, shimoni.

Ukingo wa shimo ulishuka siku hiyo ya kwanza, jua likiwa bado la asubuhi. Haukutoa kelele kubwa. Waliokuwa juu walisikia kishindo kizito tu, kisha vumbi. Wenzake Janeth waliruka pembeni. Yeye alikuwa ameinama ndani kabisa, kule kwenye mchanga laini.

Walifukua kwa machepe, kisha kwa mikono, wakiogopa kumkata. Miraji, mume wake, alikuwa akiwasukuma watu na kuita jina lake. Walipomfikia alikuwa ameshakata roho. Anastazia alimfuta mchanga machoni kwa ncha ya kitenge chake, akafuta, akafuta tena, mpaka wanawake wakamshika mikono.

Msibani mama yao hakulia mbele za watu. Anastazia alipompelekea uji, aliutazama tu.

"Alikuambia anaumwa?"

"Ndiyo, mama."

"Ukamtoa."

"Nikamtoa."

Mama akageukia ukutani. Uji ukapoa pale pale.

Baada ya maziko hakuna aliyekwenda tena kwenye ujenzi. Kuta zilibaki nusu, mbuzi wakawa wanapumzika kivulini mwake. Ndipo Fredrick akaitisha mkutano. Aliongea kwa upole, akatoa pole, akasema ajali ni mipango ya Mungu, wananchi wasivunjike moyo.

Anastazia akasimama. Sauti ilimtoka kavu.

"Mungu hakupiga simu, Mtendaji. Simu ulipiga wewe, nikaipokea mimi. Hawa watu walikaa hapa wakaamua, sisi tukaona wanafaa kuchimba tu, kuamua hawafai. Mdogo wangu amekufa kwa hilo. Mimi kiti nakirudisha."

Fredrick aliinamisha kichwa. Akainuka mzee Mughwai.

"Hatukipokei. Ukiondoka wewe, ataletwa mwingine wa kupokea simu. Kaa, mama. Ila tukisema mtoni, iwe mtoni. Anayetaka kubadili aje hapa, abadili mbele yetu."

Mikono ikanyooshwa kama mara ya kwanza, ila safari hii taratibu, na wengine walikuwa wanafuta machozi kwa mkono wa pili. Wakaanza kwa kulifukia lile shimo. Kisha mikokoteni ikaelekea mtoni. Miraji naye alileta ng'ombe wake, akasomba tripu baada ya tripu, bila kumsemesha shemeji yake hata salamu.

Madarasa yakaisha. Siku ya kuyafungua, kwenye mkutano wa hadhara, mtu mmoja alipendekeza moja liitwe Janeth. Watu wakapiga makofi, wakamtazama mama yake aliyekuwa amekaa nyuma na akina mama wenzake. Mama akainuka kwa shida.

"Mwanangu hakuwa darasa," alisema. "Alikuwa mtu. Mwacheni alale."

Makofi yakakatika. Mama akachukua njia ya kwenda kwa Miraji, kuwapikia wajukuu. Anastazia akamkimbilia mpaka kwenye mashamba ya mahindi.

"Mama, nikusindikize?"

Mama alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alimtazama usoni, akamtazama sana, kama anayetafuta kitu asichokiona.

"Rudi," alisema. "Wanakungoja."

Akaendelea na njia. Anastazia alibaki amesimama mpaka kanga ya mama ilipopotelea kwenye mahindi. Kisha akajifuta uso, akarudi, maana kweli walikuwa wanamngoja, na mkutano usingeweza kuendelea bila mwenyekiti.