Mahali pa Meza ya Bwana

Watu wa Mwanholo walirudi kwao mwezi wa saba mwaka 1984, kaya kumi na mbili na mikokoteni sita, na jambo la kwanza walilofanya baada ya kufika ni kugombana. Si kwamba walikuwa wagomvi. Walikuwa wamekaa miaka kumi kwenye kijiji cha barabarani, upande wa Samuye, walikohamishiwa na malori wakati wa operesheni ya vijiji, na miaka yote hiyo walisimuliana habari za kwao mpaka kila mtu akawa na Mwanholo yake kichwani. Sasa walikuwa wamesimama kwenye Mwanholo yenyewe, na haikufanana na ya mtu yeyote.

Trekta la shamba la kijiji lilikuwa limelima pamba pale misimu mitano mfululizo. Minyaa iliyozunguka miji yao iling'olewa, njia zikafutika, hata kile kisima cha juu ambacho kila mtu aliapa kukijua kikawa hakionekani. Vilibaki vichaka vitatu tu katikati ya uwanda, ambavyo dereva alivikwepa, ama kwa sababu ya mawe ama kwa uvivu wake. Mmoja akasema kanisa lilikuwa kwenye kichaka hiki, mwingine akasema kile, wa tatu akasema wote wawili hawana akili.

Mchungaji Makoye aliwasikiliza akiwa ameshika kofia mkononi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwenye sauti nzuri na viatu visivyofaa kwa vumbi. Kwa miaka miwili alikuwa amewahubiria habari moja tu: Wayahudi walivyochukuliwa mateka kwenda Babeli, wakakaa huko mpaka wajukuu wakawa hawaijui Yerusalemu, kisha mfalme akawafungulia mlango wakarudi, na kabla hawajajijengea hata ukuta wakaiweka madhabahu pale pale ilipokuwa zamani. Aliisimulia kana kwamba alitembea nao njia nzima. "Mahali pake pa zamani," alikuwa akisisitiza. "Na sisi tutaanza na meza ya Bwana. Tukiiweka mahali pake tutajua tumerudi. Vinginevyo tutakuwa tumehama tu, kama tulivyozoea kuhamishwa."

Maneno hayo yaliwaingia watu, na yalimwingia zaidi Masele, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote na moyo mgumu kuliko wote. Masele hakushusha mzigo wake. Alikaa juu ya mkokoteni, kiboko mapajani, akawaambia wenzake bila kupandisha sauti.

"Kule barabarani kuna zahanati. Kuna mashine ya kusaga. Kuna duka la Kamrudin. Hapa kuna nini? Nionyesheni meza ilipokuwa, nitashusha. Msiponionyesha mpaka Jumapili, nageuza."

Kaya nne zilikuwa zikimtazama Masele kila anapopiga chafya. Akigeuza, nazo zingegeuza. Na kaya saba haziwezi kukaa peke yao katikati ya shamba la kijiji bila mtu kuja kuwauliza wanafanya nini pale. Wangerudishwa barabarani kabla ya mvua, na safari hii wangerudi kwa aibu. Hilo kila mmoja alilijua, ndiyo maana wote waligeuka wakamtazama Zipora.

Zipora alikuwa na miaka sitini na minane. Marehemu mume wake, mzee Bujiku, ndiye aliyefyatua matofali ya kanisa la zamani, na yeye mwenyewe alilifagia kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja. Wazee wengine waliolijua vizuri walikuwa wamezikwa barabarani. Wengi wa hawa waliorudi walikuwa hawajabatizwa siku zile. Kanisa walilipita kwa mbali wakienda kwenye pombe. Bujiku alipokuwa anakata roho alimwambia mkewe, "Siku mkirudi, meza iwekwe mahali pake. Wewe unapajua." Naye akajibu anapajua. Wakati ule ilikuwa kweli.

Sasa alisimama kwenye mabua ya pamba, akageuka upande huu, akageuka upande ule, na kichwani mwake hamkuwa na kitu. Alikumbuka mlango, akakumbuka benchi lililokuwa likichana nguo za watu, akakumbuka harufu ya kinyesi cha popo. Lakini mlango ule ulitazama wapi? Jua lilikuwa likiingia asubuhi au jioni? Aliona aibu. Watu arobaini walikuwa wakimsubiri, jua lilikuwa kali, na mkwe wake Limi alikuwa amemshika mkono. Zipora akanyoosha kidole kwenye kichaka cha katikati.

Kwa nini cha katikati? Tusimtafutie sababu ambayo hakuwa nayo. Alinyoosha kidole kwa sababu walikuwa wanasubiri.

Wakafyeka. Kabla ya saa sita jembe likagonga saruji, na ugomvi wote ukakoma. Walifukua kwa mikono wakapata sakafu ngumu ya kijivu, na juu ya sakafu ile, wazi kabisa, alama ya kwato.

Hapo ndipo watu walipopiga vigelegele, maana habari ya kwato ile kila mtu alikuwa ameisikia. Mwaka 1963, siku kanisa liliposakafiwa, ndama wa Zipora alikatika kamba akaingia ndani, akakanyaga saruji mbichi karibu kabisa na mahali pa meza. Fundi alitaka kuisawazisha. Bujiku akakataa, akasema Bwana Yesu mwenyewe alilazwa kwenye hori, ng'ombe mmoja hawezi kumsumbua. Alama ikabaki. Watoto walifundishwa kuhesabu hatua kutoka kwenye kwato hadi kwenye meza: mbili.

Masele alishuka kwenye mkokoteni. Alipiga magoti, akaingiza vidole kwenye alama ile, akaipima, akainua uso.

"Ndama," akasema.

Kisha akaenda kufungua kamba za mzigo wake, na zile kaya nne zikafungua zake. Mchungaji Makoye alilia waziwazi bila kujificha. Akatangaza kwamba Jumapili watashiriki Chakula cha Bwana pale pale. Zipora alikaa chini ya kivuli cha turubai akijisikia mwepesi. Alijisemea moyoni kwamba kumbe mguu unakumbuka hata kichwa kinaposahau.

Wepesi ule ulidumu siku moja. Ijumaa asubuhi alichukua fagio lake akaenda kufagia kama zamani. Alitaka sakafu yote itoke udongoni, si ile sehemu ndogo tu. Akafagia upande wa chini, akakwangua kwa jembe, na kwato ya pili ikatokea. Akasimama. Ndama yule alikanyaga mara moja tu, kisha Bujiku akamvuta mkia. Akakwangua tena. Ya tatu, ya nne, ya kumi, zote kubwa, zote zikielekea upande mmoja, na sakafu ilikuwa inateremka. Mwishoni kulikuwa na mfereji mwembamba wa kurudishia dawa shimoni.

Zipora alikaa kitako pale pale juu ya saruji. Lilikuwa josho. Josho la ng'ombe la Mwanholo, lililojengwa mwaka ule ule, na fundi yule yule, kwa saruji iliyobaki kanisani. Watu walikuwa wamepitisha ng'ombe kabla sakafu haijakauka kwa sababu bwana mifugo alitarajiwa. Sasa shimo lilikuwa limejaa tope la miaka kumi, mawe ya kuta yalikuwa yameshabebwa, na yeye, mke wa Bujiku, alikuwa amewaonyesha watu wa Mungu mahali ambapo ng'ombe walisimama kuchuruzika dawa ya kupe.

Alifanya nini? Alizifukia zile kwato. Alirudisha udongo kwa viganja, akaushindilia, akaufagia juu ukawa laini. Alipomaliza hakujua kama ameficha dhambi au ameokoa watu. Akisema, Masele atageuza na wote watarudi barabarani. Asiposema, atampa Bujiku uongo kaburini, na Mungu atapewa meza juu ya josho. Je, Mungu anajali? Wayahudi wale wangejali, maana walipita jangwani kwa ajili ya mahali penyewe. Au labda na wao palikuwa na bibi kizee mmoja aliyenyoosha kidole tu? Wazo hilo lilimwogopesha, akalifukuza, nalo likarudi.

Jumamosi mchana Mchungaji Makoye alimkuta anachambua mchicha.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mchungaji."

Alikuwa ametoka barabarani kwa baiskeli, akafungua kitambaa akamwonyesha kikombe cha meza na sahani yake. Vyombo hivyo mzee Bujiku alivikabidhi kwa Kamrudin mwenye duka siku malori yalipokuja, kwa kuwa duka lilikuwa na kufuli. Kamrudin, Mwislamu wa watu, alivitunza miaka yote kumi katikati ya marobota ya khanga, akamrudishia mchungaji vikiwa vimesuguliwa. Makoye alikuwa amefurahi kupita kiasi. Hata vyombo vya hekalu, alisema, mfalme wa kigeni ndiye aliyevirudisha.

"Mchungaji," Zipora akamwuliza, "wale Wayahudi walijuaje mahali penyewe?"

"Wazee waliwaonyesha, Mama. Wale walioiona nyumba ya kwanza."

"Na kama mzee amesahau?"

Makoye akacheka kwa upendo. "Mzee gani atasahau nyumba ya Mungu?"

Zipora akarudi kwenye mchicha wake.

Jumapili waliamka mapema, wakaamkiana "mwangaluka" kutoka turubai moja hadi jingine kama watu walioko nyumbani. Meza ilikuwa imewekwa hatua mbili kutoka kwenye kwato. Limi alipokuwa anamfunga mama mkwe wake kilemba, Zipora alimshika vidole akamwambia kila kitu, haraka haraka, bila kumtazama. Kwato, mteremko, mfereji. Akamaliza kwa kusema kwamba leo atasimama akiri mbele ya wote, na Masele akigeuza, ageuze.

Limi aliendelea kufunga kilemba. "Mayu, mama yangu," alisema polepole, "Msukuma gani hajui kwato ya ndama na kwato ya ng'ombe mkubwa?"

Zipora hakuelewa mara moja.

"Ile ni ya dume. Tuliiona wote siku ile ile. Masele amechunga tangu akiwa na miaka mitano, ataikosea?"

"Masele mwenyewe alisema ndama."

"Alisema. Mke wake alimwambia njiani harudi tena barabarani, hata akimwacha. Alikuwa anatafuta neno la kushushia mzigo bila kuonekana ameshindwa. Kila mtu alikuwa anatafuta. Na wewe tulikuonea huruma, mayu, ulivyofurahi."

Hasira ilimpanda Zipora, ikashuka, ikapanda tena. Siku tatu alikuwa amebeba mzigo wa kuwalinda watu hawa, kumbe watu hawa walikuwa wanamlinda yeye. Nani sasa alikuwa amemdanganya nani? Na vigelegele vile vilikuwa vya nini?

"Mchungaji anajua?" aliuliza.

"Makoye? Baba yake alifanya kazi mgodini Geita. Mwonyeshe jiwe lenye dhahabu atalitambua. Kwato hajui hata ya mbuzi."

Kwa hiyo mtu mmoja tu alikuwa anaamini, na mtu huyo ndiye aliyesimama mezani kwa kanzu nyeupe, uso unang'aa. Aliomba, akasoma habari ya mateka waliorudi, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alimwita Zipora mbele.

"Wewe uliiona nyumba ya kwanza," alisema. "Tuambie kwa kinywa chako, Mama. Ndipo hapa?"

Zipora aliwatazama mmoja mmoja. Masele aliyainamisha macho. Mke wa Masele hakuyainamisha; alimtazama moja kwa moja, akimwomba. Limi alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Kila uso pale ulimwambia aseme ndiyo, na lilikuwa neno fupi, na Bujiku asingesikia.

"Si hapa," alisema Zipora. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyokusudia. "Hapa ni josho. Kanisa lilikuwa wapi, nimesahau. Mume wangu aliniachia kitu kimoja cha kukumbuka, nami nimekisahau."

Waliokuwa mbele walisikia. Wanawake wazima wakaanza kulia, nao walilia kweli, kwa ajili ya mahali pale, na kwa ajili ya wazee waliozikwa barabarani na kumbukumbu zao. Lakini vijana waliokuwa nyuma hawakusikia kitu. Waliona bibi amesema na watu wanalia, wakajua amekubali. Wakapiga vigelegele, ngoma ikaingia, miguu ikaanza kutimua vumbi. Sauti zikachanganyika mpaka mtu aliyesimama kando asingejua yupi analia na yupi anashangilia. Masele alikuwa amesimama. Hakwenda kwenye mkokoteni wala hakucheza. Alisimama tu, machozi yakimshuka, kana kwamba anangoja aambiwe ni ya nini.

Mchungaji Makoye alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alitazama saruji, akatazama watu, akainama sikioni mwa Zipora.

"Mama," aliuliza kama mtoto, "nifanye nini sasa?"

Zipora alimtazama kijana wa watu aliyewafikisha pale kwa miguu yao wenyewe, bila lori, akaona kwamba naye hajui kama wamefika.

"Endelea, baba," alimwambia. "Wape Chakula cha Bwana. Lakini usiwaambie tena kwamba ni hapa."

Kisha akapiga magoti juu ya sakafu ya josho, wa kwanza katika mstari, akanyoosha mikono kupokea.