Ekskaveta Isiyozimwa

Tangu asubuhi ekskaveta ilikuwa ikinguruma ndani ya mtaro bila kuchimba hata koleo moja. Mabomba ya zege yalikuwa hayajafika. Ndoo ya mashine ilikuwa imelazwa juu ya udongo, na opereta amejikalia kabini, mkono mmoja kwenye wenzo wa kuendeshea, mwingine unapigapiga goti. Chakula chake alikula humohumo. Alipobanwa na haja alimwachia mwenzake kiti, akakimbia, akarudi akikimbia. Wafanyakazi walimwita Gundi, na jina lilikuwa limemkaa.

Fundi umeme wa mradi alisimama ukingoni, mita yake ikining'inia shingoni. Alikuwa mke wa kaka yake Gundi.

"Shemeji! Zima mashine!"

Gundi akagusa sikio lake kuonyesha hasikii. Fundi akateremka mtaroni, akapanda mnyororo wa mashine, akagonga kioo.

"Nimesema zima."

"Nimesikia. Sizimi ng'o!"

"Unachoma dizeli bure, na unatupigia kelele."

"Nikizima haiwaki. Nawe unajua ikigoma leo itakuwaje."

Fundi alijua, kwa kuwa msimamizi wa mradi alikuwa amelisema jambo hilo mbele ya watu wote: ekskaveta ikigoma tena, funguo anapewa opereta mwingine, na Gundi anarudi kubeba mawe. Kwa msimamizi kesi ilikuwa imekwisha. Stata mbili, zile mota za kuiwashia injini, zilikuwa zimebadilishwa kwenye mashine hiyo, na zote mbili zilikuja karakanani na makovu ya nyundo. Opereta anayeigonga stata kwa nyundo ili iwake ndiye anayeiua. Fundi mwenyewe hakulipinga hilo. Alichoshindwa kukimeza ni kitu kingine: zile stata mbili alizifunga kwenye meza ya karakana, akaziunganisha na betri, na zote zikazunguka bila kosa. Kila asubuhi alikuja kuipima mashine ikiwa baridi, nayo iliwaka. Betri zilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa ukija mchana, injini ikiwa ya moto, yeye akiwa hayupo.

"Shemeji, nisikilize," alisema. "Asubuhi inaniwakia. Mchana inakugomea wewe. Siwezi kupima homa ya mgonjwa akiwa amepona. Nataka igome mbele yangu."

"Wewe unataka igome! Mke wa kaka yangu, niliyekula harusi yako, unaniombea nifukuzwe!"

"Harusi ulikula sahani tatu, nakumbuka. Zima."

"Na ukikosa ugonjwa?"

Fundi hakupenda kuahidi asichokipima. "Nikikosa, utabeba mawe," alisema.

Gundi alimkodolea macho, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Goti lilikuwa halijaacha kucheza. Akauzungusha ufunguo, na mashine ikanyamaza.

Ukimya ulikuwa mkubwa kuliko kelele. Juu ya mtaro vichwa viligeuka. Mtu mmoja akapiga mluzi, na mwingine akauliza kama Gundi amekufa.

"Washa," alisema fundi, ameshachuchumaa ubavuni mwa injini.

Ikalia *ta*. Basi. Gundi akarudia: *ta*.

"Umeona? Umeona sasa? Lete nyundo!"

"Ukigusa nyundo nitamwambia mama mkwe."

Joto la injini lilimpiga fundi usoni. Alipima kwenye nguzo za betri Gundi akiwa ameshika ufunguo: volti zilikuwepo, karibu zote ishirini na nne. Akahamia kwenye stata yenyewe, ncha moja kwenye skrubu ya chanya, nyingine kwenye mwili wa stata. Kumi na sita. Kwa hiyo umeme ulikuwa ukitoka betri na kupotea njiani. Stata baridi ingejikongoja kwa hizo kumi na sita. Stata ya moto ilikuwa ikishindwa hata kuivuta swichi nene iliyo mgongoni mwake, ikaishia kulia *ta*.

"Kumetulia huku," ilisema sauti ya msimamizi kutoka ukingoni. Alikuwa ameitwa na ukimya, na nyuma yake alikuwa ameshamleta opereta wa tingatinga. "Gundi, shuka. Ufunguo."

"Bosi, ndio kwanza fundi—"

"Nilisemaje? Malori ya mabomba yako njiani. Shuka."

"Anishikie ufunguo kwanza," alisema fundi bila kuinua kichwa. "Akishuka, nani ataniwashia?"

"Hata huyu anaweza."

"Huyu bado hajui *ta* ya mashine hii. Shemeji, shika!"

Alipima waya wa chanya kutoka betri mpaka stata: haukupoteza kitu cha maana. Ikabaki njia ya umeme kurudi kwenye betri. Akaweka ncha moja kwenye mwili wa stata, nyingine kwenye hasi ya betri, mahali ambapo mita ilipaswa kusoma karibu na sifuri. Ikasoma saba. Alijilaani kimoyomoyo. Karakanani alikuwa akiibana hasi moja kwa moja kwenye mwili wa stata, na kwa kufanya hivyo aliiruka sehemu iliyokuwa na ugonjwa.

Akaufuata mkanda wa shaba, uliosukwa kama nywele, unaotoka kwenye injini kwenda kwenye fremu. Akaifungua boliti. Chini ya mkanda, mahali ambapo chuma kilipaswa kugusana na shaba, palikuwa na rangi ya manjano, mpya, laini, yenye mistari ya brashi.

Aliinua macho. Gundi alikuwa amechungulia dirishani, na goti lake, kwa mara ya kwanza siku hiyo, lilikuwa limetulia. Alikuwa ameitambua kazi ya mkono wake.

Ilikuwa rahisi kuikwangua rangi ile na kusema mkanda ulilegea. Fundi aliifikiria njia hiyo, akaiacha. Mkanda haukuwa umelegea.

"Rangi," alisema. "Imezuia njia ya umeme kurudi."

"Nani aliipaka?" aliuliza msimamizi.

"Mimi," alisema Gundi. "Niliufungua mkanda ili brashi ipite vizuri chini yake."

"Si nilisema! Nilisema ni yeye!"

"Ni yeye aliyepaka," alisema fundi, huku akikwangua kwa kisu. "Stata hajaua hata moja. Zote mbili nzima, ziko kwangu. Na rangi uliileta wewe, kabla ya ugeni wa wenye mradi. Ulisema hutaki kuona chuma kitupu mahali popote. Nilikuwepo, bosi."

Opereta wa tingatinga akauliza, polepole: "Gundi, na yangu ni nani aliipaka?"

"Mimi pia," alisema Gundi. "Nilizipaka zote. Mlinisifu."

Opereta yule akageuka kulitazama tingatinga lake, lililozimwa na kutulia juani, na miguu ikaanza kumwasha.

Fundi alirudisha mkanda kwenye chuma kinachong'aa, akakaza boliti. "Shemeji, washa."

Injini ikashika papo hapo. Akamwambia azime, awashe tena. Ikashika tena. Mita sasa ilisoma karibu na sifuri.

"Abaki," alisema msimamizi, akiangalia kando. "Akimaliza mabomba, aende na fundi wakakwangue mashine zote. Yeye ndiye anajua alikopita na brashi." Akaondoka, opereta wa tingatinga akimtangulia kwa mwendo wa mbio.

"Zima, ushuke unywe maji," alisema fundi. "Malori hayajafika."

Gundi alizima. Alishuka, akapiga hatua chache kuelekea kivulini, akasimama. Akarudi, akapanda, akawasha. Ikashika. Akazima. Safari hii akafika kivulini, akanyoosha mkono kuchukua chupa, kisha akaiacha hapohapo.

"Shemeji!"

"Mara moja tu, nihakikishe."

Ikashika. Akazima. Akawasha tena.

"Sasa ndiyo utaiua kweli!" alipiga kelele fundi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akapanda mwenyewe kabini kumnyang'anya ufunguo.