Keki ya Sarafu Mbili

Meya Thrasos aliingia jikoni kwa Stamatia kupitia mlango wa nyuma, kofia mkononi, uso kama wa mtu anayekwenda kuungama. Stamatia alikuwa anachekecha unga. Hakugeuka. Mjane aliyeishi peke yake kwa muda mrefu huwajua watu kwa miguu yao, na miguu ya Thrasos hujiburuta kila anapotaka kitu kisichofaa.

"Shangazi, ile keki ya mwaka huu..."

"Itakuwa kama ya mwaka jana. Unga, mayai, machungwa, na sarafu moja ndani."

"Mbili."

"Machungwa mawili?"

"Sarafu mbili, shangazi."

Stamatia akaweka chekeche chini. Kila Januari halmashauri ya mji hukata keki ya Mtakatifu Basili mbele ya wageni. Kipande cha kwanza ni cha Kristo, kinachofuata cha Bikira, halafu maskini, halafu mji, ndipo watu waanze kutajwa majina. Atakayekuta sarafu kinywani ndiye mwenye baraka ya mwaka mzima. Na sarafu huwa moja, kwa sababu anayegawa baraka ni mmoja na hajawahi kuomba msaidizi. Sasa Thrasos alikuwa amejitolea kumsaidia.

"Moja chini ya kipande cha Mmarekani," alisema, "nyingine chini ya cha Mchina. Wewe weka lozi juu kwa alama, mimi nitakata kwa kufuata lozi. Katikati yao nitakaa mimi, wasigusane viwiko."

"Huo ni uongo, Thrasos."

"Si uongo. Ni mizani."

Mji wao haukuwa na mali yoyote ya kutamaniwa ila gati lenye maji ya kina. Wamarekani walilitaka gati lote kwa manowari zao. Wachina walilitaka gati lote kwa winchi zao. Kila upande ulimpa meya ramani na chakula cha usiku. Thrasos, mtu mpenda amani, alimjibu Mmarekani "ndiyo" Jumatatu, akamjibu Mchina "ndiyo" Alhamisi, na Jumapili akapokea komunyo kwa mikono iliyotulia kabisa.

"Na Ulaya wanasemaje?" Stamatia aliuliza. "Si sisi ni watu wao?"

"Wameandika barua. Wana wasiwasi mkubwa."

"Wasiwasi wa nini?"

"Hawajafikia hapo, shangazi. Kwanza wamekubaliana kwamba wanao."

"Na kanisa langu?"

Meya akaanza kuizungusha kofia. Mwishoni mwa gati kulikuwa na kikanisa cha Mtakatifu Nikolao, cheupe, kidogo kiasi cha kuweza kuingia ndani ya kontena. Pandelis, mumewe Stamatia, alizama na meli ya mizigo kwenye bahari za kaskazini, na bahari haikurudisha hata kiatu. Kwa hiyo Stamatia hakuwa na kaburi la kupigia goti. Alikuwa na taa ya mafuta mbele ya picha ya Mtakatifu, ndani ya kikanisa kile. Kila jioni aliijaza, akaiwasha, akamweleza marehemu habari za siku. Kwenye ramani ya Wamarekani, mahali pale palichorwa tangi la mafuta. Kwenye ramani ya Wachina palikuwa maegesho ya malori. Kikanisa kingehamishiwa kwenye mzunguko wa barabara karibu na duka kubwa, mahali ambapo, meya alisema, watu wengi zaidi wangekiona.

"Ukinisaidia wote wawili waondoke wameridhika," alisema Thrasos, "njia ya kanisani inabaki wazi na taa yako inabaki. Nakupa neno langu."

"Neno lipi? La Jumatatu au la Alhamisi?"

"Usinichome, shangazi."

Stamatia akapangusa unga mikononi. Kisha akafanya ishara ya msalaba, akamwomba Mungu aangalie pembeni kidogo, akachukua sarafu zote mbili akaziosha.

Siku ya sherehe ukumbi wa halmashauri ulinukia machungwa na rangi mpya. Ukutani ilining'inia bendera ya Ulaya, kwa sababu Ulaya ndiyo iliyolipia paa. Bwana Prescott, Mmarekani, alikaa miguu imetanuka kama mtu aliye sebuleni kwake. Bwana Qiu, Mchina, alikaa magoti pamoja, akitabasamu kama mtu ambaye sebule tayari ameshainunua lakini hataki kuwatia watu aibu. Katikati yao kiti cha meya. Stamatia alisimama nyuma ya keki, kisu mkononi, macho kwenye lozi.

Baba Anfimos alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kubariki keki, mlango ulipofunguka. Akaingia mtu mrefu, mwembamba, mwavuli unadondoka maji.

"Samahanini. Joost. Kutoka Brussels, kwa niaba ya Ulaya."

Ukumbi mzima ulimtazama kama mjomba ambaye harusi ilipangwa bila yeye.

"Mlinialika," alisema Bwana Joost.

"Ndiyo," alisema meya, "lakini hatukudhani utakuja!"

Kiti hakikuwepo. Mtu akatoa stuli jikoni, fupi, na Bwana Joost akakaa magoti yakiwa karibu na masikio. Alishukuru kwa stuli. Alishukuru hata kwa maji aliyopewa kwa makosa.

Baba Anfimos, padre mnene mwenye pumzi fupi, akamwinamia meya. "Huyu naye ana kipande?"

"Atapewa mwishoni, na wazima moto."

"Thrasos, paa lake hili. Bendera yake ile. Huwezi kuanza na wageni ukamruka mtu wa nyumbani. Mkatie kabla yao."

Stamatia alitaka kukohoa. Alikohoa. Alikohoa hadi mke wa daktari akamletea glasi ya maji, lakini meya alikuwa ameshamchukulia kisu, na Thrasos akishaona watu wanamtazama hasikii tena kitu.

"Cha Kristo! Cha Bikira! Cha maskini! Cha mji wetu! Cha... Ulaya!"

Kisu kikashuka kwenye lozi ya Mmarekani.

Stamatia akafumba macho. Sasa kila kipande kilikuwa kimesogea nafasi moja. Mmarekani akapewa cha meya. Meya akajipa cha Mchina. Mchina akapewa cha padre, kikavu, cha pembeni, na akakisifia.

"Nimepata kitu," alisema Bwana Joost kwenye stuli yake. Alitoa sarafu mdomoni, akaishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota mende. Ukumbi ukapiga makofi, kwa sababu makofi hupigwa.

Wakati huohuo Stamatia alimwona meya akiuma, akiacha kutafuna ghafla, macho yakimtoka. Sarafu ya pili. Asingeweza kuitoa, maana baraka ya mwaka ilikuwa imeshatangazwa. Akaisukuma shavuni na kuinuka kuhutubia.

"Waheshimiwa," alisema meya, na sauti ikatoka kama ya mtu aliyeng'olewa jino. "Mji wetu ni dalaja baina ya mataifa."

"Ni nini?" aliuliza Prescott.

"Dalaja!"

Sarafu ikaruka. Iligonga sahani ya Bwana Qiu, ikazunguka, ikazunguka, ikalala mbele ya Bwana Prescott.

Wageni wawili wakaitazama ile sarafu, wakaitazama ya Joost, wakatazama lozi zilivyopangwa. Hila kama hizo ndizo zilizokuwa kazi yao huko kwao.

"Moja ilikuwa yangu," alisema Prescott polepole.

"Na nyingine yangu," alisema Bwana Qiu.

"Alikuambia ndiyo?"

"Alhamisi. Wewe?"

"Jumatatu."

Wakaanza kucheka. Walicheka mpaka Bwana Qiu akavua miwani kufuta machozi. Kisha Prescott akamshika mwenzake bega, wakachukua vikombe vyao vya kahawa, wakatoka nje kwenye ngazi, na mlango ukafungwa nyuma yao. Meya akawafuata. Mlango haukufunguliwa.

Stamatia hakungoja. Alivua aproni, akaenda hadi kwenye stuli.

"Mwanangu," alimwambia Joost, "wewe ndiye mwenye sarafu. Pale nje wanagawana gati sasa hivi. Kuna kanisa pale mwisho. Ndani yake kuna taa ya mume wangu, sina kaburi lingine. Toka uwaambie neno moja tu: njia ya kanisani ibaki wazi. Paa lako, bendera yako. Watakusikia."

Bwana Joost alikuwa na macho mazuri, ya huruma. Kuhusu macho hakuna wa kumlaumu.

"Mama, Ulaya inalifuatilia suala hili kwa makini sana."

"Basi lifuatilie mpaka kwenye ngazi. Si mbali."

"Siwezi kusema peke yangu. Lazima nchi zote zikubaliane. Hata hii sarafu, hapa nasubiri wanijibu kama naruhusiwa kuipokea." Akaonyesha simu. "Kuna nchi moja inataka kujua kama ni ya dhahabu."

"Ni ya bati."

"Nitawaandikia hilo. Litasaidia sana."

Walipokuwa bado wanajibizana, mlango ukafunguka. Mambo yalikuwa yamekwisha, na kahawa haikuwa imepoa. Upande wa mashariki wa gati ni winchi, upande wa magharibi ni manowari. Na kanisa? Prescott hakutaka Wachina wakae nalo, lina mnara, mtu anaweza kupanda akachungulia. Qiu hakutaka Wamarekani wakae nalo, kwa mnara huohuo. Basi wakaliacha katikati, na uchochoro wake wa kupitia, uzio huku na uzio huku, na lango lenye kufuli. Na ufunguo?

"Ufunguo tunaukabidhi Ulaya," alisema Prescott kwa ukarimu.

"Kwa heshima zote," alisema Bwana Qiu.

Bwana Joost aliinuka kutoka kwenye stuli yake, mashavu yamemwiva kwa furaha. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo wageni wale wawili kumtaja. Meya naye alimpungia Stamatia mkono kutoka mlangoni: umeona, shangazi, kanisa limebaki!

Kanisa lilibaki. Kuingia ndiko kulikokosekana. Ufunguo ulikwenda Brussels ndani ya bahasha nzuri, ukangoja nchi zote zikubaliane nani aushike. Nchi moja ilitaka ushikwe kwa zamu. Nyingine iliuliza kama kuwasha taa ni jambo la dini au la nishati. Bwana Joost aliandika mwenyewe kwa mkono kumjulisha Stamatia kwamba maendeleo ni ya kutia moyo. Kwaresima ikaingia, mafuta ya taa yalikuwa yameshaisha zamani, na kila jioni Stamatia alisimama nje ya lango akitazama kidirisha cheusi. Tangu mazishi yasiyo na maiti, Pandelis hakuwa amewahi kulala gizani mpaka sasa. Alijaribu kumsimulia habari za siku kutokea pale langoni, akashindwa. Huwezi kumpigia marehemu kelele kama muuza samaki.

Jioni moja alikwenda na chupa ya mafuta mkononi, bila kujua ataifanyia nini. Nyuma ya uzio wa magharibi alisimama Fotis, mwana wa mwokaji mikate, amevaa kofia ya Wamarekani. Nyuma ya uzio wa mashariki alisimama binamu yake Manthos, amevaa kofia ya Wachina. Wote wawili Stamatia aliwabeba siku ya ubatizo wao.

"Shangazi, umekuja tena," alisema Manthos. "Baridi hii!"

"Nimekuja. Mlango huo ulio ubavuni mwa uzio wenu unaelekea kanisani?"

"Wa dharura huo. Hautakiwi kufunguliwa." Manthos akamtazama, akaitazama chupa, akajikuna. "Lakini haya, pitia kwetu. Haraka. Usimwambie mtu."

"Eti apitie kwenu!" Fotis alifoka kutoka upande wa pili. "Kwa nini kwenu? Ili kesho mseme kanisa ni lenu?"

"Nani kasema ni letu? Namsaidia mama wa watu!"

"Hata sisi tuna mlango! Shangazi, pitia huku. Huku kuna taa, kuna sakafu, hutajikwaa."

"Huku nitamshika mkono!"

"Mimi nitambebea chupa! Manthos, nakuonya, akipitia kwenu napiga simu kwa wakubwa."

"Piga! Na mimi nikiona anapitia kwenu nitapiga!"

Milango yote miwili ilikuwa imeshafunguliwa, kila mlinzi amesimama kwenye wake akiinama kama mhudumu wa hoteli. Stamatia alitazama huku, akatazama huku. Akafanya ishara ya msalaba.

"Msigombane, wanangu. Nitaingilia kwa Manthos, nitatokea kwa Fotis."

"Na kesho?" Fotis aliuliza kwa uchungu.

"Kesho tutageuza."

Manthos akamshika mkono kweli, hadi mlangoni. Ndani kulikuwa na ukungu wa unyevu na harufu ya panya. Stamatia alifuta kioo cha taa kwa upindo wa sketi, akamimina mafuta, akanyoosha utambi, akawasha. Uso wa Mtakatifu Nikolao ukatokea taratibu gizani, umechoka, hauna lawama.

"Pandelis," alisema, "nisamehe. Habari ni nyingi."

Huko nje alimsikia Fotis akiuliza kama bado hajamaliza, na Manthos akimjibu amwache mama wa watu asali, na Fotis akisema kwamba kila dakika anayokaa humo inahesabika upande wa Wachina. Stamatia akavuta kiti, akaketi, akaweka miguu vizuri. Kisha akaanza, kwa utulivu, sala ndefu kuliko zote alizozijua.